Nyumba ya Sampuli

Kwaru, kwaru, kwaru. Kitu kizito kilikuwa kikiburutwa kwenye saruji. Kikasimama kupumua, kisha kikaendelea. Njia-Ipo alikuwa amefumba macho, ameegemea ubao wa matangazo nje ya geti la Shirika la Makazi ya Umma, na kwa masikio tu akajua: huyu anayekuja ana mzigo, na mwenye mzigo huwa na haraka ya kuutua. Akafumbua jicho moja. Akaona mlango unatembea.

Ulikuwa mlango hasa, wa mbao, na bawaba zake, na kitasa kinachong'aa, na chini yake miguu miwili yenye ndala.

"Karibu, fundi," Njia-Ipo aliuambia mlango.

Nyuma ya mlango ukachomoza uso wa seremala, umelowa jasho. "Samahani, kaka. Nasikia Shirika linajenga maghorofa mapya, linataka milango. Mtu kama mimi anaanzia wapi?"

Jibu lilikuwa kwenye ubao, kwa herufi nene kama ngumi: wazabuni wote wajiandikishe dirisha la ununuzi, bure, na kila Jumatano asubuhi kuna kikao cha kuwaelekeza wapya, bure vilevile. Bure! Katika kazi ya Njia-Ipo hakukuwa na tusi kubwa kuliko hilo, ndiyo maana aliliegemea kutwa. Kila mtu ana ofisi yake hapa duniani. Ya Njia-Ipo ilikuwa mgongo wake, na Mungu alimjalia mgongo mpana.

"Njia ipo," akasema. Alikuwa akimwambia hivyo kila mtu tangu aote ndevu, hata jina lake halisi likamchukua mama yake muda kulikumbuka.

Siku nyingine angeomba nauli na hela ya soda, wakaagana. Lakini ule mlango ulimchoma moyo. Mwenzetu alikuwa na mchumba, mchumba alikuwa na shangazi, na shangazi alikuwa na mdomo. Kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake, Njia-Ipo alikuwa amepandisha kuta za vyumba viwili, akaishiwa. Shangazi akaja, akachungulia, akatoa hukumu: "Binti ya kaka yangu haolewi na kuta. Jumamosi ya mwisho wa mwezi narudi. Nikibisha nifunguliwe mlango. Nikikuta hewa, posa yako naivunja."

Na sasa mlango ulikuwa umejileta wenyewe, kwa miguu!

"Fundi," akasema kwa sauti ya msibani, "wenzako wote wanakuja hapa na maneno. Wewe umeleta sampuli."

"Sampuli?"

"Inaingia stoo. Wakubwa wanaitazama inavyovumilia. Ikivumilia, milango ya ghorofa zima ni yako. Ila utanisahau, wewe!"

"Nikusahau, kaka? Nina wazimu?"

"Wote husema hivyohivyo," Njia-Ipo akashusha pumzi, akaupokea mlango kama anayepokea mtoto wa kubatizwa.

Seremala akamnong'oneza muuza mabati, akamsihi asimwambie mtu. Kwa hiyo jioni hiyohiyo soko zima likajua. Muuza mabati akaja na bati moja, kisha, kwa uroho wake, akauliza kama kuleta mengi kutamtanguliza mbele ya wenzake. Njia-Ipo akatazama mbinguni, akalipima paa lake kwa akili, akajibu kwamba wakubwa huvutiwa sana na sampuli inayotosha kufunika vyumba viwili.

Halafu akaja Mama Mabomba, mwenye duka la vifaa vya maji, mwanamke mnene wa sauti na mwepesi wa hesabu.

"Koki nimeleta. Sinki nimeleta. Choo nacho?"

"Mama yangu, watu wa ghorofani unadhani ni malaika?"

"Kuna mwingine aliyeleta choo?"

"Yupo mmoja."

"Cha kwake waambie kina ufa."

"Mama, hiyo si haki."

"Nitaongeza bomba."

"Kina ufa," alisema Njia-Ipo kwa huzuni.

Basi nyumba ikasimama. Ikaezekwa kwa sampuli, ikafungwa kwa sampuli, na Njia-Ipo akanawa uso kwenye sampuli akiimba. Tapeli wa kawaida angeuza vitu vile siku ileile, vikapotelea mjini. Lakini huyu alikuwa na mapenzi, na mapenzi humfanya mtu aweke wizi wake barabarani, ukiangalia mashariki ili jua la asubuhi liupendeze.

Seremala akapita. Mlango wake aliujua kama mzazi anavyomjua mwanawe kwa kisogo: ulikuwa na fundo jeusi karibu na kitasa, alilolipiga randa mpaka mkono ukafa ganzi. Akakimbilia dukani kwa Mama Mabomba, ngumi zimekunjwa.

"Naenda kuuvunja!"

"Uvunje mlango wako mwenyewe? Kaa chini, mwanangu. Kwanza nikaulize kunakohusika."

Jumatano Mama Mabomba akaingia kwenye kile kikao cha bure. Afisa ununuzi, kijana mpole, akaeleza yote: unajiandikisha dirishani, unasubiri zabuni itangazwe, unatia bei yako ndani ya bahasha, na bahasha zote hufunguliwa hadharani, wenyewe mkitazama. Sampuli huletwa na yule tu aliyeandikiwa barua ailete, hupewa risiti, na baadaye hurudishiwa. Mama Mabomba akacheka mpaka kiti kikalia. Afisa akafurahi, hajawahi kuona mtu akiupenda utaratibu kiasi kile.

Ijumaa, siku moja kabla ya shangazi kurudi, Mama Mabomba, seremala na muuza mabati wakamfuata Njia-Ipo pale kwenye ubao, wamenyenyekea kama wakwe wapya.

"Baba, tumekuja kwa aibu," alianza Mama Mabomba. "Tulikuletea takataka."

"Takataka?" Njia-Ipo alikaribia kukasirika, alikuwa amelala chini ya takataka hizo.

"Tumesikia wenzetu wanaleta daraja la kwanza. Sasa mimi nina sinki la kauri, jeupe kama jino la mtoto. Huyu ana mlango wa mninga, una nakshi. Na huyu ana bati za rangi."

"Nyekundu," akasema muuza mabati.

"Tunaomba tubadilishe kabla wakubwa hawajaziona. Tupe zile za zamani leo, kesho alfajiri tunaleta hizi. Ila stoo tupeleke wenyewe, tusikusumbue."

"Hapana!" Njia-Ipo akaruka. "Stoo haingii mtu. Nitawatolea mwenyewe."

"Utachoka, baba."

"Nichoke! Mimi ni mtumishi wenu."

Nakshi! Nyekundu! Tayari alimwona shangazi amesimama mlangoni, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza neno halimtoki. Akaenda mbio nyumbani, akapanda paa na nyundo, akang'oa misumari. Akafungua bawaba, akakata bomba, akanyanyua choo kwa heshima zote. Mkokoteni akaukodi kwa hela yake. Akawakabidhi vitu vyao barabarani, akiwa ametota, na Mama Mabomba akamfuta paji la uso kwa ncha ya kanga.

"Mungu akulipe unavyostahili, baba," akasema, na alimaanisha kila neno.

Jumamosi alfajiri ikaja bila mkokoteni. Jua likapanda, likaingia vyumba vyote viwili bila kubisha. Njia-Ipo alikimbia hadi dukani. Akakuta Mama Mabomba ameketi juu ya kile choo, anakunywa chai.

"Mama, daraja la kwanza liko wapi?"

"Liko stoo. Wakubwa wanalitazama linavyovumilia."

Seremala na muuza mabati, waliokaa kando yake, wakaanguka kwa kicheko. Njia-Ipo akageuka, akakimbilia nyumbani.

Aliporudi, shangazi alikuwa amesimama penye tundu la mlango, mkoba kwapani.

"Hodi," alisema shangazi.

"Karibu, shangazi."

"Nikaribie kwa wapi? Kila upande naona ni mlango. Juzi mwanangu kaniambia nyumba ina bati. Bati ziko wapi?"

Njia-Ipo alianza kuhusu mtindo mpya wa kisasa, nyumba za hewa safi. Akatazama ule uso, akaacha katikati. Akasema kweli yote, tangu mlango uliotembea mpaka mkokoteni alioulipia. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akashindwa kusimama, akaketi kwenye tofali.

"Ukapanda juu mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ukang'oa misumari kwa mkono wako?"

"Kwa nyundo, shangazi."

"Nilidhani binti yetu kapata jambazi. Kumbe kapata bwege. Bwege anafugika." Akajifuta machozi, akasimama, akakung'uta gauni. Kicheko kikawa kimekwisha kabisa usoni. "Sasa nisikilize, kijana. Binti ya kaka yangu ataolewa kabla ya mvua kuanza. Hilo nakuahidi, nimekwisha kupiga mbiu. Ukinunua paa na mlango kwa jasho lako, utakuwa bwana harusi. Usiponunua, nakuahidi kadi ya mwaliko, na kiti cha nyuma kabisa."