Kitanda cha Mama Kiingie Mwisho

Jumatatu, 3 Machi 2025. Lewisville.

Nimechaguliwa. Mwenyekiti wa Kamati ya Kontena ya kanisa, kura tisa kwa nane. Dedan alipata nane na akanipigia makofi kama mtu anayeua mbu. Hakutarajia. Ameendesha lori miaka tisa hapa Texas na alidhani hiyo inatosha. Mimi sijaendesha lori. Mimi nachapa lebo katika ofisi ya ghala kule Fort Worth, na hakuna mzigo unaosafiri kabla haujapita kwenye karatasi yangu. Niliwaeleza hivyo. Mke wa mchungaji aliandika kitu. Nadhani ndiyo kura ya tisa.

Mzigo ni vitanda arobaini vya hospitali. Nyumba ya wazee alikofanya kazi Jepchirchir wa kamati yetu imefungwa, naye akaviomba kabla havijatupwa. Thelathini na tisa ni vya zahanati ya kanisa huko kwetu Nyamira. Kimoja ni cha mama yangu. Kamati nzima ilikubali, hata Dedan.

Mama alianguka Desemba, akavunjika nyonga. Tangu hapo amelala kwenye kitanda cha mbao kilicho karibu na sakafu, na dada yangu Moraa humgeuza kwa mikono. Wiki iliyopita Moraa alisema mgongo wa Mama umeanza kuchubuka. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kitanda hiki kina mpini kwa chini. Ukiuzungusha, upande wa kichwa unapanda. Mama ataketi, aone mlango, aone nani anaingia. Hilo tu ndilo ninalotaka katika dunia hii. Hilo, na Dedan ajue kwamba yeye ni mjumbe wa kawaida.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua daftari la istilahi. Mwenyekiti hawezi kubabaika mbele ya watu.

Shipper ni anayetuma. Consignee ni anayepokea. Drop ni pale dereva anapowaachia kontena, anakwenda zake, nanyi mnapakia siku mbili tatu hadi arudi. Live load ni pale dereva anapongoja huku mnapakia. Mnapewa saa mbili za bure, ndiyo free time. Zikiisha mnatozwa kwa kumngojesha, na hiyo inaitwa detention. Neno zito. Nimelisema mara kadhaa mbele ya kioo.

Kwenye mkutano wa jioni Dedan alisimama akapendekeza drop. Alisema watu wetu wengi ni manesi wa zamu, kila mtu atakuja akitoka kazini, apakie chake, aende. Ulikuwa ushauri mzuri, ndiyo maana nilijua ana njama. Kontena likiachwa uwanjani watu watapakia kimya kimya kama wanaotupa taka. Mwenyekiti atafanya nini? Nilisema itakuwa live load, Jumamosi, pamoja na maombi, kwaya na mgeni wa heshima. Watu walifurahi. Dedan aliuliza kama nimezihesabu zile saa mbili. Nilimwambia swali lake limepokelewa.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimegundua jambo kubwa. Kinachoingia kontenani mwisho ndicho kinachotoka kwanza.

Maana yake ni kwamba kitanda cha Mama kikikaa mlangoni kabisa, siku kontena litakapofunguliwa Nyamira, mbele ya chifu na watu wote, kitu cha kwanza kushuka kitakuwa hicho. Chenye jina langu. Vitanda vya zahanati vitafuata. Nimekiandikia lebo mwenyewe, herufi kubwa: KIINGIE MWISHO. Nimekifunga utepe wa buluu nitakaoukata nikimaliza hotuba ya shukrani. Nimewaambia wajumbe wote kwamba kisiguswe kabla sijaukata.

Dedan naye ana friji ya mama mkwe wake. Aliuliza itakaa wapi. Nilimwambia ndani kabisa, kwenye ukuta wa mbele.

Mke wangu Lydiah alirudi kutoka zamu akakuta nampa habari Sheldon, mwanetu. Alivua viatu akasema, "Baba Sheldon, hiyo meli itachukua miezi miwili. Vidonda vya mgongo havingoji meli." Yeye ni nesi, huona vidonda kila mahali. Anataka tumwambie Moraa anunue kitanda dukani, Kisii mjini. Nilimweleza kwamba kitanda cha duka hakina bill of lading, ile hati ya mzigo wa meli. Alikwenda kulala.

Ijumaa, 7 Machi

Dereva amepiga simu. Anaitwa Vital, Mkongomani wa Uvira, anakaa Houston. Kontena linatoka bandarini Houston na litarudi huko huko. Mtu mpole. Alisema, "Papa, minafika saa ine ya asubui. Muko na masaa mbili ya bure, ya tatu ya kulipa. Saa saba miye minaenda, bitu bikiwa ndani ao inje. Sheria ya masaa ya dereva haijue mutu." Anaanza kazi alfajiri, na saa zake kumi na nne zikiisha haruhusiwi kuwa barabarani.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nami sina wasiwasi. Mimi nimekulia kwetu. Kadi ya harusi ikisema saa nne, bibi harusi yuko bafuni. Mtu akitaja saa, anafungua tu mazungumzo. Nikapanga ratiba kulingana na hilo, na Jepchirchir akaichapa: maombi, kwaya, mgeni wa heshima, salamu za vikundi, kupakia, shukrani za mwenyekiti. Jepchirchir alisema salamu za vikundi ni nyingi. Nikaongeza kikundi kimoja ili aone kwamba nimemsikia.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda cha Mama. Kiko sebuleni kwangu.

Vital alifika saa nne kasoro dakika tano. Uwanjani tulikuwa mimi, Jepchirchir, vitanda arobaini, na Dedan na friji yake. Watu walianza kuingia saa tano na robo wakiwa na chapati. Mchungaji alibariki kontena, kisha akabariki matairi yote kumi na nane, moja moja. Nilikuwa nimemwomba mwenyewe. Kwaya iliimba nyimbo nne. Mgeni wa heshima alikumbuka utoto wake.

Tulianza kupakia ikikaribia saa sita. Lazima niandike ukweli, Dedan anajua kupakia. Alipanga wanaume wa kwaya, akawaonyesha jinsi ya kulaza vitanda kwa ubavu na kukaza mikanda, na vyote thelathini na tisa vikaingia. Salamu za vikundi zilikuwa zikiendelea kwa upande wa pili. Mara mbili Dedan alinijia. "Chair, hii ya mathe tuingize sasa?" Mara mbili nilimwonyesha utepe.

Saa saba kasoro dakika kumi nilipewa maikrofoni. Nilikuwa nimejiandaa. Nikaona si haki watu waondoke bila kuelewa walichofanya, nikaanza kuwafafanulia istilahi. Nilifika kwenye detention. Vital alikuja akanigusa kiwiko akasema, "Papa, mulango minafunga." Nilimtambulisha kwa mkutano. Akapigiwa makofi. Nikaendelea.

Kwa pembe ya jicho nilimwona Dedan akisukuma friji. Haikuwa imepelekwa ukutani hata kidogo. Iliingia mwisho, mlangoni, mahali pa mama yangu. Milango ikafungwa. Vital akaweka lakiri ya chuma mlangoni, akaandika nambari ya lakiri hiyo kwenye karatasi. Niliteremka jukwaani na mkasi mkononi.

Nilimwambia afungue. Alisema hawezi. Nambari ya lakiri imeshaandikwa kwenye bill of lading, na ikikatwa, bandarini watauliza tumeingiza nini, na kontena zima litazuiwa. Vitanda vyote. Hakukasirika. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Aliondoka saa saba na dakika mbili.

Kando ya friji palikuwa na nafasi. Hilo ndilo linaloniuma. Palikuwa na nafasi ya kitanda kizima, na kitanda chenyewe kilikuwa kimesimama kwenye nyasi kikiwa na utepe.

Juu nimeandika kwamba Dedan ana njama. Sibadilishi.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nilipongezwa na watu kumi na moja. Wawili waliuliza kitanda changu kimeenda na kontena gani. Nilisema kina utaratibu wake.

Moraa alipiga simu. Mama alitaka kujua kama kitanda kimeshaanza safari. Nilisema ndiyo. Nikasikia Moraa akimwambia kwa sauti, na Mama akimshukuru Mungu. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho ya magari kwa muda.

Jumatatu, 10 Machi

Meli inafunga kupokea makontena leo saa kumi jioni. Huo unaitwa cut-off. Nilihesabu: Vital analaza kontena kwenye yadi ya kampuni yake hadi leo, nami nikitoka alfajiri nitamkuta kabla hajaingia bandarini. Wakati bado upo. Ilibaki lakiri tu, na lakiri ni jambo la kuzungumza kati ya watu wazima.

Nilihitaji gari la kubeba. Dedan ana pikapu. Nililiomba kwa ufupi, bila kujishusha. Alilileta saa kumi na moja alfajiri, akakifunga kitanda kwa mikanda yake mwenyewe, na akajitolea kuniendesha. Nilikataa. Alivuta kila mkanda tena, akaniambia niendeshe polepole.

Njia ya Houston ni mwendo wa saa nne na nusu. Mvua kutoka Corsicana hadi Huntsville. Nilikuwa nimekifunika kitanda kwa shuka la plastiki. Nilisimama mara tatu kulirekebisha.

Nilimkuta Vital kwenye foleni ya malori nje ya lango la bandari. Alishuka mvuani. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kuhusu nyonga, mgongo, na kitanda cha mbao. Nilisema lakiri ni kipande kidogo tu cha chuma, nami ni mwenyekiti, nitatia sahihi popote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Papa, mama yangu alifia mu kambi, ku mukeka. Kama miye naweza, nafungua. Siwezi." Nyuma yake malori yalipiga honi. Alirudi ndani akasogea mbele.

Nilijaribu kumfuata kwa miguu. Mama mmoja mlinzi alinizuia, kwa adabu, akaomba kadi maalumu ya bandarini. Sina. Nilimwonyesha ratiba ya Jumamosi, yenye jina langu. Aliisoma yote na kunirudishia. Kontena likapita langoni. Niliona milango yake kwa nyuma, na nyuma ya milango hiyo iko friji.

Lori likirudi bila mzigo madereva huita deadhead. Ni hasara, kila dereva huichukia. Mimi sikurudi mtupu. Nilirudi na kitanda, mwendo wa saa tano kamili kwa sababu ya msongamano, na nililia kutoka Huntsville hadi karibu na Corsicana. Naandika kwa sababu hii ni shajara na hakuna anayeisoma.

Dedan alikuja kuchukua pikapu. Alisaidia kukiingiza kitanda sebuleni. Njama yake ni ya kina kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 15 Machi

Moraa amepiga simu ya video asubuhi. Nilijua nitaulizwa, nikatayarisha maelezo kuhusu hali ya bahari.

Mama alikuwa ameketi. Ameketi wima, mto nyuma, kitambaa kichwani, uso wake ukitazamana na simu. Kwa nyuma niliona dirisha ambalo sijaliona tangu nilipoondoka. Alikuwa kwenye kitanda cha chuma chenye mpini. Alisema ameona ng'ombe wakitoka asubuhi. Alisema mgongo umetulia. Akanishukuru. Akasema hakujua kwamba siku hizi meli zinakimbia hivyo, na nimfikishie nahodha salamu zake.

Nilimtazama Lydiah. Alikuwa anakunywa chai. Kumbe Jumapili ile ile, nikiwa nimesimama kwenye maegesho, alimtumia Moraa ujumbe na pesa. Kitanda kilitoka duka moja Kisii mjini na kufika nyumbani Jumanne kwa pikipiki ya magurudumu matatu. Na amemwambia Mama kwamba kimetumwa na mwanawe.

Mama aliuliza mimi mwenyewe nitakuja lini, maana sasa pana mahali pa kukaa kando yake. Nilisema karibuni. Kuhusu meli, sikumsahihisha. Nilisema nilisimamia mwenyewe.

Baadaye Lydiah alisema kwamba badala ya kontena lingine ningepanda ndege. Alisema taratibu, akiwa ameniwekea mkono begani. Ni kweli namkosa Mama. Namkosa sana.

Lakini mtu hawezi kufika kijijini baada ya miaka kumi na miwili akiwa na sanduku moja. Nimelala kwenye kitanda hiki mchana wote, nikampa Sheldon kazi ya kuzungusha mpini, na nimefikiri vizuri. Kosa la Jumamosi ile lilikuwa ratiba. Shukrani za mwenyekiti zilibanwa mno. Mwezi wa tisa kanisa linapanga kontena la pili, na nimeshampigia Vital. Nimemwambia ni live load. Hotuba yangu nitaitoa mara mbili, mwanzo na mwisho, na mgeni wa heshima atakuwa Dedan, ili akae jukwaani mbali na mlango.

Nimenunua utepe mpya. Kitanda kitaingia mwisho.