Kombe Ndani ya Mabomba ya Ndege

Jumatatu, 1 Julai
Alhamdulillahi! Kiunzi cha ndege tunayoiunda kimekamilika. Miaka minne! Swahibu yangu Ernesti kachomelea bomba la mwisho leo, uani kwake hapa Muheza, katikati ya mageti ya wateja. Mimi ni fundi rangi, basi nje ya mabomba ni kazi yangu na ndani pia. Ndani ndiko kwenye shughuli. Ernesti kasema kutu ya nje huonekana na kupigwa msasa, lakini ya ndani hula kimya kimya, bomba liking'aa kama bibi harusi. Na huko juu hakuna pa kuegesha. Yeye ndiye atakayeirusha. Mimi hata ngazi naipanda kwa dua.

Jumatano, 3 Julai
Tumemimina mafuta ya kitani, ya kuzuia kutu, ndani kupitia matundu madogo ya mabomba. Tumekigeuza kiunzi huku na huku kama mgonjwa wa mgongo, mafuta yafike kila kona. Kisha tumekisimamisha, yanayozidi yachuruzike. Mke wangu Tausi kasema nanuka kabati jipya. Nikamshukuru. Kumbe hakuwa akinisifu.

Jioni nimemkuta Devota, mke wa Ernesti, akikinyunyizia kiunzi maji ya baraka ya kanisani kwao. Kaniuliza, huku anatabasamu, na nyie upande wenu mmeleta nini, shemeji? Swali hilo!

Alhamisi, 4 Julai
Nimekwenda kwa Shekhe Masoud kuomba kombe. Kaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, kaiosha kwa maji ya waridi, kanijazia chupa. Kauliza mgonjwa nani. Nikasema ni rafiki, ana safari. Si uongo. Kasema anywe kwa bismillahi.

Lakini Ernesti ni Mkristo, hatakunywa. Basi nimeinywesha ndege yake. Yeye kaenda Maramba kufunga geti, kaniachia maagizo: mafuta yakauke kwanza, ndipo nizibe matundu kwa skrubu. Mimi nimemimina kombe, chupa nzima, nikaziba papo hapo. Maji ya Devota yatakauka na jua. Ya kwangu hayana pa kutokea!

Jumamosi, 27 Julai
Inna lillahi. Mkaguzi wa ndege kaja. Kijana mwenye adabu, kaniamkia shikamoo, kaisifu rangi. Nikavimba. Kisha kaomba skrubu moja ya chini ifunguliwe.

Yakatoka maji mekundu ya kutu, yananukia waridi.

Kauliza haya ni nini. Nikawahi kusema ni unyevu wa pwani. Kasema unyevu wa pwani anaujua, kazaliwa nao, haujapata kunukia harusi hata siku moja. Kachungulia ndani kwa kurunzi yake, katikisa kichwa. Mabomba yote ya chini yakatwe. Hakuna kuruka mwaka huu.

Ernesti kachukua chaki, kaanza kutia alama mabomba ya kukata. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 28 Julai
Nimemweleza yote. Kakaa juu ya debe, kainama. Kasema, swahibu, ungeniua kwa kunipenda. Nikalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu. Devota kasema maji yake angalau aliyamwaga panapokauka. Na kweli.

Shekhe Masoud naye habari zimemfikia. Kasema kombe hunywa mwanadamu. Chuma dawa yake mafuta. Kasema funga ngamia wako kwanza, ndipo umtegemee Mola. Na nisirudi tena kwake na wagonjwa wa chuma. Mtaani watoto washaniita Daktari wa Mabomba.

Alhamisi, 1 Agosti
Ernesti anakata. Msumeno unalia kutwa, na kila bomba likianguka nasikia kama limeniangukia mimi. Magharibi kanipa mkono. Kanisamehe, kwa sharti: kaniapisha mbele ya Tausi kwamba ndani ya mabomba mapya yataingia mafuta ya kitani tu, wala tone la kitu kingine.

Nimeapa. Na mimi kiapo sivunji, namwogopa Mungu. Lakini roho haitulii. Siku hiyo atakuwa peke yake huko juu, baba wa watu, na mimi nimesimama chini mikono mitupu!

Kesho nakwenda Kigombe. Kuna shekhe huko hanijui.

Ernesti kataja mabomba. Tangi la petroli hakulitaja.