Ulezi kwenye Ukuta wa Boma

Leo nimeumbuka. Tena mbele ya mama mkwe, mtu ambaye kwa desturi yetu Wangoni sitakiwi kumtazama usoni, sembuse kusema naye.

Mnajua bwana mkubwa wa boma hapa Songea alinipa kazi ya kukarabati ukuta wa mbele wa ghala, ulioliwa na mvua. Saruji haijafika kutoka pwani, akataka urudishwe vilevile ulivyojengwa: udongo wa kichuguu, samadi na nyasi kavu. Nyasi zilikuwa mbali. Mimi (mvivu, lakini fundi) nikachanganya makapi ya ulezi kutoka kwa wapika pombe wa askari. Ulezi wenyewe ni wetu, ambao askari hao walitunyang'anya kabla ya kuchoma maghala yetu wakati wa vita.

Mama mkwe akapita, akaona, akamtuma mke wangu.

"Mama anasema hayo makapi yana mbegu ndani."

"Mwambie mama mimi nimejenga Kilwa." (Nilibeba mawe tu.)

Mvua ikanyesha siku nne. Leo asubuhi bwana mkubwa akaja kukagua, nami nimesimama kifua mbele. Ukuta mzima ulikuwa kijani. Ulezi umeota kutoka chini hadi kwenye paa, na mbuzi wawili wanaula.

Mkalimani akanigeukia. "Bwana anauliza, hili ni ghala au shamba?"

Nikaanza kufukuza mbuzi.

"Anasema ukuta usipokuwa safi kabla ya jua kuzama, utakula hamsa ishirini."

Viboko ishirini na tano, jamani, kwa mgongo huu! Wakaitwa wanawake wanaojua kusiriba, na aliyewaongoza ni mama mkwe. Kwa kuwa hawezi kusema nami, akamwambia mkalimani kwa Kingoni: "Mwambie huyo mwanamume achote maji." Mkalimani akanitafsiria kwa Kiswahili, mimi Mngoni wa kuzaliwa. Nimechota maji mchana kutwa, wanawake wanacheka mpaka wanakaa chini.

Kabla ya kubandua udongo waling'oa miche yote, wakaifunga kwenye vitambaa vyao. Bwana akadhani ni usafi. Kwetu haijabaki mbegu hata moja tangu moto ule.

Basi mgongo umepona, aibu ndiyo sijui niipeleke wapi. Naombeni mcheke kidogo kidogo, maana nimefika nyumbani sasa hivi na mke wangu ana ujumbe mwingine.

"Mama anasema ghala lina kuta nne."