Vifuko Vyangu na Kibuyu cha Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Daktari kutoka Nairobi amefika kwenye zahanati yetu hapa Roret. Anatafuta watu wazima wenye afya njema apime mikojo yao. Anasema ndani ya mkojo mna vifuko vidogo ajabu vinavyotoka mwilini, havionekani kwa macho, na anataka kujua mtu wa kawaida ana vingapi. Wa kawaida! Nimejiandikisha hapo hapo. Mama yake Chemutai ameapa hamwozi binti yake kwa mwanamume mgonjwa-mgonjwa, na tangu nikohoe kanisani siku ya Pasaka ananiangalia vibaya. Sasa sayansi itanisemea. Chemutai mwenyewe, anayefanya kazi hapo zahanati, ndiye anapokea chupa. Mungu ni mwema.

Jumanne
Nicholas, karani wa kupima majani kwenye kituo cha chai, naye amejiandikisha. Naye anamtaka Chemutai. Basi nitamshinda kwa vifuko. Lakini chupa tuliyopewa ni ndogo kama ya dawa ya kikohozi! Nani hupeleka majani ya chai kituoni kwa kiganja? Nitakusanya mpaka Alhamisi.

Tatizo: Daktari anasema mkojo ukikaa bila barafu unaharibika. Barafu, Roret! Nikafikiri. Maziwa tunayatia kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, yanakaa wiki nzima na utamu unazidi. Kibuyu ninacho. Mama Chemutai alinitumia mursik, hayo maziwa ya mkaa, ndani yake, kabla ya kile kikohozi.

Jumatano
Nimekunywa chai birika kwa birika. Kazi inaendelea vizuri. Nimemwona Nicholas akipeleka kichupa chake. Nimemhurumia.

Alhamisi
Niliingia zahanati na kibuyu kwapani. Foleni yote ikanipisha. Daktari alidhani nimemletea mursik, akashukuru sana, akaomba kikombe. Nikamwahi kabla hajamimina.

Alipochungulia, mkojo mweusi tii! Akasema katikati ya mkaa wote huo hawezi kuona kifuko hata kimoja, akanitoa kwenye utafiti. Hilo ningelivumilia. Lakini Chemutai alikuwa amekikodolea macho kibuyu, hasa zile shanga za shingoni mwake. Akaniuliza polepole, "Hiyo si ni kibuyu ya mama?"

Nikamjibu vibuyu hufanana.

Ijumaa
Mama Chemutai amenitumia salamu kupitia kwa mchungaji. Kiplangat, yaani mimi, abaki na hicho kibuyu, na nyumbani kwake asikanyage tena. Nicholas amealikwa chakula Jumapili. Nimelia nyuma ya zizi la ng'ombe. Nampenda Chemutai kweli, si mchezo.

Jumapili
Nimetafakari wakati wote wa mahubiri. Kosa langu nimeliona: nilisahau kukung'uta mkaa. Kwingine kote mpango ulikuwa safi.

Na kuna habari njema. Wiki ijayo daktari mwingine anafika Sotik, naye anatafuta watu wazima wenye afya. Chemutai ataenda kumsaidia. Huyu anapima choo.

Nimeanza kuulizia kibuyu chenye mdomo mpana.