Vidonge Alivyokunywa Meneja

Jumatatu, 3 Juni

Mtakaposoma haya nitakuwa nimeshazikwa, kwa hiyo naanza na lililo zito. Vidonge vyangu vya kutoa maji mwilini sivimezi. Leo siku ya ishirini.

Mke wangu, muuguzi mstaafu, hunipa kidonge asubuhi na kuniamuru nifungue kinywa. Nafungua. Kidonge kimejificha kati ya ufizi na shavu. Akigeuka kufuata chai, nakidondosha ndani ya tangi la samaki, nyuma ya pampu ya hewa.

Daktari alishasema: moyo umechoka, nisipovitumia miguu itavimba, kisha mapafu. Nilimsikia. Lakini vidonge vile hunipeleka msalani kila robo saa, na kila alasiri jirani yangu Karani, mstaafu wa mahakama, huja tucheze drafti. Nikirudi kutoka msalani, kete zangu zimehama. Ushahidi sina. Mtu mwenye heshima zake afanyeje?

Jumanne, 4 Juni

Meneja anaumwa. Huyu ni samaki wa dhahabu wa mke wangu, zawadi ya wauguzi wenzake siku alipostaafu. Tulimwita hivyo kwa kuwa kutwa huzunguka na kufungua mdomo, na hakuna kinachofanyika. Leo hazunguki. Yuko juu kabisa ya maji, anahema, mapezi kayabana kama mtu mwenye homa. Chakula hakutaka hata kukinusa.

Nikasema ni uzee. Mke wangu akanitazama miguu, akauliza mbona nimevaa ndala. Nikasema joto.

Nimepiga hesabu. Nilifundisha kemia miaka thelathini na mmoja. Kidonge kimoja ndani ya lita sitini si kitu. Nimetulia.

Alhamisi, 6 Juni

Hesabu ina kasoro. Vidonge havitoki, kinachopungua ni maji. Ni ishirini na viwili, si kimoja. Mtoto wa kidato cha kwanza angeliona. Cha leo nimekitia mfukoni mwa koti.

Tumbo la Meneja limejaa, magamba yamesimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Mke wangu kamtazama kutoka juu, kasema amejaa maji, huenda figo zimegoma.

Karani naye katoa ushauri. Aliwahi kufuga samaki wanne, wakafa wote, basi ni mtaalamu. Eti nimtenge mgonjwa, nibadilishe maji kidogo kidogo. Nilikataa papo hapo, kwa sababu ni yeye. Alipoondoka nikabadilisha. Nusu ndoo iliingia tangini, nusu kwenye zulia. Mke wangu kauliza kama ni maneno ya Karani. Nimesema ni utafiti wangu.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu kamwita muuza samaki wa mapambo, mama mmoja mpole mwenye mkoba wa chupa. Kanipa shikamoo, kammulika Meneja kwa tochi, kakunja uso. Kasema, “Magamba yakisimama hivi, baba, mambo yameharibika. Akiwahiwa anaweza kupona. Akicheleweshwa, tunachimba shimo.” Kamhamishia kwenye ndoo ya maji safi ya uvuguvugu, katia chumvi kidogo.

Kisha swali. Kuna chochote kimeingia humu tangini? Sabuni, dawa ya mbu? Asipojua, atakuwa anabahatisha dawa.

Nikasema jana Karani aliinamia tangi na sigara. Karani alikuwa amekaa palepale. Akajibu, “Mwalimu, sigara niliacha wajukuu wako hawajazaliwa. Shemeji, mumeo anaumwa kuliko samaki.”

Mke wangu hakucheka. Alipiga magoti kando ya ndoo, akafuta macho kwa upindo wa kanga. Miaka arobaini na sita ya ndoa, sijawahi kumwona akilia mbele ya mgonjwa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata njia. Barua isiyo na jina, chini ya mlango: “Ndani ya tangi mna vidonge vya kutoa maji. Msamaria Mwema.” Sasa samaki atapona, na siri yangu itabaki.

Mke wangu kaisoma, kaja nayo hadi kitini kwangu. “Msamaria wako anaandika kwa wino mwekundu, na tarehe kaipigia mstari kwa rula.”

Jumapili, 9 Juni

Muuza samaki kaondoa pampu, kakuta ujiuji mweupe. Tangi limeoshwa. Meneja bado yuko ndooni, ila magamba yameanza kulala.

Sikugombezwa, na hilo ndilo baya zaidi. Mke wangu alipakata mguu wangu, akabonyeza kwa dole gumba. Shimo likabaki. Akauliza, “Wewe na Meneja, nianze kumlilia nani?” Nikamweleza habari ya Karani na kete. Akasema vema, nimeze, yeye atalinda ubao.

Jumatano, 12 Juni

Meneja karudi tangini, anakula, anazunguka, hafanyi lolote. Mguu wangu umeingia kiatuni. Nimemeza siku tatu mfululizo. Jana nilikwenda msalani mara sita, mke wangu akilinda ubao kama askari wa benki. Karani alinishinda michezo mitatu. Hakuna kete iliyoguswa, kasema mlinzi.

Lakini nimebuni mbinu mpya ya kufungulia mchezo, inayotaka utulivu wa kitini. Kwa hiyo kidonge cha leo kimo kwenye chungu cha maua dirishani. Ua halina figo.

Na kwa kuwa mtasoma nikiwa kaburini, acha nimalize. Siku zile zote nilizokuwa simezi, sikuinuka kitini hata mara moja, wala macho yangu hayakubanduka ubaoni. Alinishinda kila siku.