Ushujaa wa Meli ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mpango umeiva. Jumapili baba mkwe anatimiza miaka tisini. Mwaka wa kumi na moja huu nimemwoa binti yake, na hadi leo ananiita "huyu bwana". Shemeji, kaka yake mke wangu, anaitwa "mwanangu" hata akipiga chafya. (Mke wangu anasema ni kwa sababu ni mwanawe. Visingizio!) Basi Jumapili nitasimama mbele ya ukoo mzima nisome historia ya Subira, meli ya mizigo aliyoifanyia kazi mzee wakati wa vita. Atalia. Ataniita mwanangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimemchokonoa mzee kijanja. Kasema alikuwa jikoni akimenya viazi, na meli ilibeba saruji. Nikamuuliza hatari kubwa aliyokutana nayo. Kasema mpishi mkuu. Unyenyekevu wa mashujaa huo! Akaanza kisa cha bandari moja walikokwama miezi saba. Nikamkatiza kwa heshima, nikaaga. Nina kazi ya kutafiti maisha yake.

Jumatano, 6 Machi
Ofisi ya nyaraka, ghorofa ya pili. Feni mbovu. Kalamu za wino marufuku, penseli tu. Mama mtunza nyaraka, miwani kaifunga kwa uzi, kanionya kwamba jina moja la meli huweza kubebwa na meli tatu. Nifuate namba ya usajili, imo kwenye kitabu cha ubaharia cha mzee. Nimemshukuru sana. Kuomba kitabu ni kumwaga siri. Isitoshe, kadi ya Subira ilikuwa ya kwanza kabisa kwenye kasha!

Na kadi gani! Misafara minne ya hatari, mabomu mara mbili, shehena ya risasi. Saruji, eti! Nimenakili upande wa mbele hadi penseli ikaisha. Upande wa nyuma sikuugeuza. Saa ya kufunga ilishafika, na ushujaa ulikuwa umetosha.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kapata fununu. Kaja kuuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Mnafiki! Nimemwambia naandika orodha ya vinywaji. Kaondoka akitabasamu, jambo ambalo silipendi. Seremala kamaliza fremu, ukingo umepakwa rangi ya dhahabu. Nimefanya mazoezi ya kusoma mbele ya kioo cha kabati. Nimejiliza mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi
Aibu! Watu arobaini sebuleni. Nilisoma kwa sauti ya kutetemeka, shangazi mmoja akashika leso. Ndipo shemeji akauliza, taratibu, kama niliusoma upande wa nyuma. Kumbe Alhamisi alikwenda kule kule, mama wa miwani akampa nakala ya kadi nzima. Akaisoma. Subira ilizamishwa na nyambizi mwaka wa tatu wa vita. Hakunusurika mtu hata mmoja.

Watu wote wakamgeukia mzee, aliyekuwa na kipande cha keki mkononi. Akauliza, kama yeye ni marehemu, keki hii anakula nani. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mzee alicheka hadi machozi yakamtoka. Akatoa kitabu cha ubaharia kwenye mfuko wa koti. Namba nyingine kabisa! Subira yake ilikuwa kuukuu, ya saruji, na vita vyote haikufyatuliwa hata risasi moja. Akanishika bega. "Mwanangu, si ungeniuliza tu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mke wangu ndiye aliyenikumbusha njiani nimeitwaje.

Jumatatu, 11 Machi
Mwanangu! Mashahidi arobaini! Utafiti umelipa.

Mzee kapiga simu asubuhi. Anataka niende Jumamosi anisimulie ile miezi saba. Nimemwomba radhi, Jumamosi nina miadi na seremala wa fremu. Sasa amebaki mama mkwe, ambaye bado ananiita "yule". Marehemu kaka yake alikuwa fundi wa injini kwenye meli iitwayo Tumaini, wakati wa vita hivyo hivyo. Nimeshampigia mama wa miwani. Anasema kadi za jina hilo zipo tatu, na akaanza tena mambo yake ya namba.

Nimemwomba aniwekee ile ndefu.