Pilau ya Ushuhuda Mwema

Ijumaa, 4 Aprili 2025

Shajara yangu mheshimiwa, salamu nyingi, na uniwie radhi kwa siku kumi na moja za ukimya. Wino haukuwa na kosa. Kosa ni langu.

Barua ya Mchungaji imefika kutoka Kilindoni. Jumanne atakuja kumteua kiongozi wa mtaa wetu mpya wa sala hapa Kiegeani. Tuko waumini tisa. Kiongozi, ameandika, awe mpole, awe mkarimu, asipende ukubwa, na asemwe vizuri na watu wasio wa kanisa. La ukubwa halinisumbui: hakuna anayeuchukia kunishinda, na nitalitangaza hilo mbele ya wote. Upole ninao. Wasio wa kanisa ndio mtihani. Hapa kwetu ni kijiji kizima!

Mshindani ni mmoja: Bi Furaha, muuguzi mstaafu. Hana mpango wowote. Jambo hilo linanitia wasiwasi.

Nilimwahidi marehemu mke wangu, kitandani pake, kwamba sala za Kiegeani nitazisimamia mwenyewe. Nitazisimamia!

Jumamosi, 5 Aprili

Mpango tayari. Jumatatu saa saba mchana nitawalisha majirani pilau ya nyama. Kesho yake wataulizwa habari zangu, harufu ya iliki ikiwa bado vidoleni. Ramadhani imekwisha, nimehakikisha. (Zamani kalenda ilikuwa kazi ya mke wangu.) Nimepita nyumba kwa nyumba. Wote wamesema inshallah. Nimeandika: ndiyo, thelathini na mbili.

Bi Furaha aliniuliza taratibu kama nimeifikiria vyema siku yenyewe. Wivu! Nikamshukuru.

Jumatatu, 7 Aprili

Saa saba. Sufuria moja kubwa, mikeka minne, mtu hakuna.

Saa nane akaja jirani yangu, Mzee Shamte. Akaketi mbali na sufuria. Akaniomba radhi: wengi wao wamefunga sita. Nikauliza sita gani. Akanieleza kwa subira kuwa ni zile siku sita za kufunga baada ya Idi. Mbona hamkusema? Akajibu kwamba nilikwenda kuwaalika nimevaa tai, wakaona vibaya kunivunja moyo.

Kisha akainama, akashusha sauti. “Na nyie, Mwalimu, si mko kwenye Kwaresima?”

Tuko. Mimi ndiye niliyewatangazia wenzangu wasiguse nyama hadi Pasaka. Na nilikuwa nimeonja mara tatu!

Nikajifungia chumbani. Bi Furaha akabisha hodi, akaomba ruhusa aichukue sufuria. Nikamruhusu bila kufungua mlango. Naomba radhi kwa hilo pia.

Jumanne, 8 Aprili

Mchungaji alifika, akawauliza majirani. Kumbe Bi Furaha aliigawa pilau yote magharibi, watu wakafuturu. Katika kila mlango alisema ni ya Mwalimu. Haikusaidia kitu. Bi Mize, mkulima wa mwani, alicheka mbele ya Mchungaji: “Mwalimu kupika anajua, wallahi! Ila akitualika yeye tunashinda na njaa. Furaha akija, tunakula.”

Kiongozi ni Bi Furaha. Mimi ni msaidizi, upande wa mikeka.

Nilikuwa na hotuba ya kupokea uongozi mfukoni, kurasa sita. Nikasoma ukurasa wa shukrani tu. Bi Furaha akalia. Na mimi kidogo.

Jumatano, 9 Aprili

Sikukata tamaa. Kosa lilikuwa la siku, na siku hubadilishwa. Nimeketi na kalenda mwenyewe, miwani machoni. Nimeipata! Siku ya mapumziko, shule na ofisi zimefungwa, kila mtu yuko nyumbani: Ijumaa, tarehe 18, saa saba mchana. Safari hii mbuzi mzima. Nimemwandikia Mchungaji kumwalika, na kumsihi kwa heshima atafakari upya suala la uongozi.

Barua ataipeleka Bi Mize, anayekwenda Kilindoni kesho. Aliniomba nimsomee tarehe mara mbili. Akauliza kama saa hizo wanaume hawatakuwa msikitini. Akauliza tena kama hiyo siyo Ijumaa Kuu yetu.

Nikamwomba radhi kwa kumkatiza. Karamu yangu, nikamwambia, itakuwa kuu zaidi.

Ameondoka na barua kifuani, mabega yakimtikisika. Nadhani ni mafua.